Mwalimu Aliyechukia Baridi

Mwalimu wa binti yangu alichukia baridi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfahamu, na mimi kazi yangu ni kutunza wazee, watu wanaovaa sweta mwezi wa Julai. Alikuwa akiingia kwenye uwanja wa barafu asubuhi amevaa makoti matatu, la nje likiwa lile la buluu la posta, maana alistaafu kazi ya kupeleka barua nyumba kwa nyumba. Kutoka mlangoni hadi kwenye benchi lake alikuwa akiitukana baridi kana kwamba imemfuata kutoka kwake. Kisha anavua makoti mawili, anafunga viatu, anaingia kwenye barafu, na hapo husikii tena neno baridi hadi somo liishe.

Siku moja nilimuuliza kwa nini mtu kama yeye alichagua kazi hii. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua.

“Sikuchagua baridi,” alisema. “Nilichagua kuteleza. Baridi ilikuja nayo, kama mama mkwe.”

Alisema kwa Kiingereza, bila shaka. Maneno yake nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndivyo yalivyokaa kichwani mwangu miaka yote hii. Na tunamwita Mwalimu kwa sababu kwetu kocha ni wa mpira. Mtu anayemchukua mtoto wako akiwa hajui kufunga kamba na kukurudishia mtoto anayejua kuanguka bila kulia, huyo si kocha. Binti yangu, Chebet, alimwita Coach mbele yake na Mwalimu tukiwa kwenye gari, na jina lake halisi halikutamkwa nyumbani kwetu hata siku moja.

Alizaliwa wapi na wa nani, sijui, na sikuuliza. Alikuwa mwanamke Mmarekani mweusi, mrefu, anaishi peke yake kwenye fleti ya ghorofa ya pili kule Bladensburg, na magoti yake yalilia akipanda ngazi. Hayo tu ndiyo ninayoyajua ya kujaza kwenye fomu. Mengine ninayoyajua hayana nafasi kwenye fomu.

Mimi ni mtu wa Nandi. Barafu niliyokua nikiijua ni mvua ya mawe, ile inayoshuka dakika kumi na kuacha majani chai yamechanikachanika, na mama anasimama mlangoni ameshika kiuno. Kwa hiyo binti yangu alipoalikwa sherehe ya mtoto wa darasani mwake kwenye uwanja wa barafu, akiwa na miaka saba, na akakataa kutoka hata keki ilipokatwa, mimi nilicheka. Wiki iliyofuata aliomba kurudi. Ile nyingine pia. Kanisani watu walinitania hadi nikachoka. Mnandi, mtoto wako si akimbie kama wenzake? Nani kwenu aliwahi kupanda basi kwenda kuteleza? Mwalimu naye aliposikia tunatoka Kenya aliuliza swali lile lile, ila yeye aliuliza mara moja tu, akatazama miguu ya Chebet, akasema, “Basi atakuwa na pumzi,” na mambo ya mbio yakaisha hapo.

Somo la kwanza alimfundisha kuanguka. La pili, kuanguka. La tatu nilishindwa kuvumilia, nikaenda hadi kwenye ukingo wa barafu na kumwambia kwa adabu zote kwamba mtoto nimemleta ajifunze kusimama.

“Kusimama kila mtu anajua,” alinijibu. “Wewe umesimama hapo na hakuna aliyekufundisha. Nenda ukae.”

Nilienda nikakaa. Mama Chebet alikuwa amenitangulia kwenye viti, na yeye ndiye aliyeleta neno “pole” katika uwanja ule. Kila mtoto alipoanguka, awe wetu awe wa watu, mke wangu alipaza sauti kutoka juu: “Pole! Pole sana!” Mwalimu aliuliza maana yake. Nilimwambia ni neno la kumpa mtu aliyeumia, hata kama si wewe uliyemwumiza. Akasema ni neno zuri lakini kwenye barafu yake halitakiwi, litawafanya watoto wakae chini wakisubiri kupewa. Mke wangu alinyamaza wiki mbili. Wiki ya tatu aliendelea kama kawaida, na Mwalimu akaacha kumkataza.

Kamba za viatu ndizo zilizonitesa zaidi. Kiatu cha barafu kina kamba ndefu, na lazima ikazwe kwenye kifundo cha mguu hadi mtoto alalamike, la sivyo mguu unalegea ndani na mtoto anavunjika. Wazazi wengine wote walipiga magoti mbele ya watoto wao kama wanaotawadhisha mitume. Kwa Mwalimu ilikuwa marufuku. “Kila mtu afunge za kwake,” alisema, na hakuwa na haraka. Chebet alitumia dakika ishirini kufunga viatu, kati ya dakika thelathini za somo. Nikaangalia saa, nikakohoa, nikaangalia tena.

“Unakohoa nini?” Mwalimu aliniuliza bila kugeuka. “Hili ndilo somo.”

Hata mwenyewe alifunga zake polepole, kwa vidole virefu vilivyozoea kupanga bahasha, na hakukubali mtu amshikie hata kamba moja.

Lakini jambo lililomfanya awe yeye, ambalo sijaliona kwa mwalimu mwingine yeyote, lilikuwa anwani. Miaka yote ile ya kupeleka barua ilikuwa imemwingia kwenye damu, na barafu kwake ilikuwa mtaa. Upande mmoja zilikuwa nyumba za namba shufwa, upande wa pili namba witiri, na katikati kulikuwa na barabara. Kila mruko ulikuwa na nyumba yake. Ule mruko wa mzunguko mmoja na nusu, ambao ulimtoa Chebet machozi mwaka mzima, ulikuwa wa nyumba namba kumi na nne. Mtoto akiruka akatua mita mbili mbele, Mwalimu alipaza sauti: “Umempa jirani!” Akitua nyuma: “Barua imebaki kwenye gari!” Na akitua palepale, kwa mguu mmoja, mikono imetulia, Mwalimu alisema neno moja tu.

“Imefika.”

Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake pekee. Sikuwahi kumsikia akisema vizuri, hongera, wala kupiga makofi kama walimu wengine waliokuwa wakishangilia hata mtoto akifunga zipu. Chebet aliposikia “imefika” kwa mara ya kwanza alikuwa na miaka tisa, na kwenye gari hakusema neno hadi tulipofika nyumbani, Oxon Hill. Nilipozima injini ndipo alisema, “Baba, did you hear?” Nikamwambia nimesikia. Nilikuwa nimesikia, na kwenye viti kule nyuma nilikuwa nimejifuta macho kwa skafu ya mama yake.

Mtu wa hivyo ungedhani haogopi kitu. Basi theluji ikianguka hakuthubutu kuendesha gari. Alipiga simu akafuta masomo yote hata kama barabara zimekwisha safishwa na mimi nimeshafika uwanjani. “Barafu ya ndani ina adabu,” aliniambia. “Ya nje haijalelewa.” Mwaka mmoja nilimfuata Bladensburg kwa gari langu ili watoto wasikose somo kabla ya mashindano, na njia nzima alishikilia mpini wa mlango, amefumba macho, akiomba kwa sauti. Tulipofika alishuka, akavaa viatu vyake, akateleza kinyumenyume kwa mguu mmoja uwanja mzima kana kwamba hakuwa yeye.

Alikuwa pia na mfuko wa glavu. Mfuko mkubwa wa kitambaa, glavu za kila rangi, nyingi zikiwa hazina pacha, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kwenye barafu akiwa na mikono mitupu. Alijua glavu ya nani ni ipi. Kulikuwa na msichana mmoja mwenye nywele nyekundu, mkubwa wa Chebet kwa miaka mitatu, fundi hasa, glavu zake zilikuwa za kijani. Msichana huyo akahama. Katika mambo haya watoto huhama. Wakishapanda daraja, wazazi huanza kutazama shule zenye walimu wanne na barafu ya kila siku, na mwalimu wa mwanzo hupata habari kwa ujumbe wa simu wa mistari miwili. Jumamosi iliyofuata nilimkuta Mwalimu ameketi kwenye benchi lake, lile linalotazama kioo na mahali pa kuegesha magari, kahawa mkononi, glavu za kijani kwenye goti. Ilikuwa saa ya somo la yule msichana. Nilimuuliza kama anamsubiri mtu.

“Nakunywa kahawa yangu,” alisema.

Aliketi hivyo hadi saa ile ilipokwisha, kahawa ikapoa bila kuguswa, ndipo akainuka akaanza somo la Chebet. Jumamosi iliyofuata vilevile. Niliona, lakini sikujisumbua kuwaza. Mzazi akiwa kwenye uwanja wa barafu ana mtoto mmoja tu machoni.

Halafu zamu yetu ikafika.

Chebet alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikuwa ameshika nafasi ya pili kwenye mashindano, na mama mmoja pale alitueleza, kwa nia njema, kwamba mtoto huyu akibaki alipo ataishia alipo. Kulikuwa na shule kubwa upande wa Rockville, mwalimu wa miruko, mwalimu wa mizunguko, mwalimu wa kucheza, na mashine ya kumning'iniza mtoto kwa mkanda akijifunza kuruka mizunguko miwili. Mwalimu wetu hakuwa na mashine. Alikuwa na magoti mabaya na mtaa wake wa nyumba. Mke wangu alisema, “Baba Chebet, tuki-delay, tutakuja kujilaumu.” Nilijua anasema kweli. Chebet tulipomuuliza alisema, “I don't know,” akaingia chumbani, na mimi nikalichukua hilo kuwa ndiyo.

Ile shule mpya ilikuwa na sharti moja, na lilikuwa sharti la heshima: kabla ya mtoto kuanza, mzazi amwarifu mwalimu wa zamani mwenyewe. Tukakubali kwa furaha. Hata kwetu ndivyo ilivyo. Nilimweleza Papa Musa, mzee wetu wa kanisa, Mkongomani wa Uvira, kwamba Wamarekani hufanya jambo hili kwa ujumbe wa simu. Alisikitika sana.

“Mwalimu hatumuachake na message,” alisema. “Ule alikulelea mtoto. Tunaendaka kwake, batu bazima, tunamushukuru, tunamuomba njia.”

Tukaenda. Jumapili baada ya ibada, watu kumi na mmoja, magari matatu, hadi Bladensburg. Tulibeba juisi, trei ya mandazi na kitenge cha njano alichokichagua Mama Chebet kwa saa nzima. Mwalimu alifungua mlango amevaa ndala, akaona umati, akashika kifua akidhani kuna aliyekufa. Tukamwambia ni salama, tumekuja kumsalimia. Aliazima viti kwa jirani. Tuliomba. Tuliimba wimbo mmoja, halafu mwingine kwa sababu Warundi wa kanisa letu walikuwa hawajapewa zamu yao. Kisha Papa Musa akasimama, na mimi nikasimama kando yake kutafsiri.

Alisimulia habari ya kuku aliyeatamia mayai ya bata. Aliyaatamia kwa upendo, akawalea, akawafundisha kuparua chini. Siku moja wakafika mahali penye maji, na vifaranga wakaingia. Hawakumdharau mama yao. Maji yaliwaita, basi. Nilitafsiri yote, neno kwa neno, hata kuparua. Mwalimu alisikiliza mikono imekunjwa mapajani, na mwisho aliuliza swali moja.

“Na kuku?”

Nikamuuliza Papa Musa. Alisema, “Anabakiaka kando ya maji, maman. Eko anabaangalia.”

Nikamwambia, kuku hubaki ukingoni akiwatazama. Akatikisa kichwa polepole, akasema asante kwa hadithi nzuri. Mama Chebet akainuka akamfunga kile kitenge kiunoni, kina mama wakapiga vigelegele, na jirani wa chini akagonga dari yake. Tulikula mandazi. Chebet alikaa karibu na dirisha muda wote, akitazama mguu wake. Tulipoondoka Mwalimu alitusindikiza hadi kwenye ngazi akiwa bado na kitenge, akaupungia mkono msafara wetu wote.

Tulikuwa tumefika njia panda ya kwanza mke wangu aliponigeukia.

“Lakini umemwambia?”

“Si Papa Musa amemwambia?”

“Papa Musa amemwambia habari ya kuku, Baba Chebet.”

Nilitaka kugeuza gari. Naapa nilitaka. Lakini unarudi vipi kugonga mlango wa mtu uliyetoka kumwimbia, umwambie kwa maneno makavu kwamba ulichokuja kusema hukusema? Papa Musa kwa simu alituhakikishia kwamba ameelewa, mtu mzima haambiwi jambo kama mtoto. Kwa hiyo shule ya Rockville ilipouliza kama tumemwarifu, tuliandika ndiyo.

Jumamosi tulikuwa Rockville. Chebet alikuwa amening'inia kwenye mkanda anazunguka hewani simu yangu ilipoita mfukoni, nikaiacha ikaita hadi ikanyamaza. Nilisikiliza ujumbe nikiwa chooni. Ilikuwa sauti ya Mwalimu, bila salamu, kama kawaida yake.

“Barafu ya leo ni nzuri,” alisema, akakata.

Nilijua basi kwamba hakuelewa. Nilijiona mdogo kuliko siku zote nilizoishi Marekani, na kuna siku nyingi za kulinganisha. Wiki nzima sikumpigia. Jumamosi ya pili nilimwambia mke wangu tutatoka mapema, nipite kwa Mwalimu nimwambie ana kwa ana, Chebet akiwapo, kama watu. Nikaingia pale pa kuegesha magari. Kupitia kile kioo nilimwona kwenye benchi lake, koti la posta begani, kikombe mkononi, na kwenye goti kitu kidogo chekundu. Glavu za Chebet zilikuwa nyekundu.

“Baba, are we going in?”

Mkono wangu ulikuwa kwenye funguo. Nikasema, “Tuna-late,” nikageuza gari. Chebet alitazama nje dirishani barabara kuu ya Beltway nzima hadi Rockville, na mimi nikawasha redio.

Ile shule sina la kuilaumu. Walimfundisha walichoahidi. Aliruka mizunguko miwili, alisafiri, alipata medali ambazo mama yake amezitundika karibu na picha ya harusi. Walimu wanne, na wote walimwita kwa jina lake vizuri. Alipofika miaka kumi na saba mgongo ukakataa, akaacha bila kelele, akaenda chuo. Lakini kila mara alipotua vizuri, hata mbele ya waamuzi, niliona midomo yake ikitembea, na nilijua anajiambia neno gani. Hakuna pale aliyejua kumwambia.

Mwaka jana alianza kufundisha watoto wadogo kuteleza, siku za mapumziko ya chuo. Somo la kwanza aliwafundisha kuanguka, na baba mmoja akaja kulalamika. Alinisimulia akicheka hadi akashika mbavu. Halafu majira ya baridi haya alirudi nyumbani siku moja, akakaa jikoni na koti lake, akanipa simu nisome. Mwanafunzi wake wa kwanza, yule aliyempenda, alikuwa amehamishwa. Ujumbe ulikuwa na mistari miwili.

“At least they told me,” alisema.

Alizungusha simu mezani, kisha akasema, “I want to see Mwalimu. Let's go, Baba.”

Jumamosi tukaenda. Nilitarajia kuambiwa hayupo, au kuambiwa neno baya zaidi. Alikuwepo, kwenye benchi lile lile, makoti sasa ni manne. Hafundishi tena. Huketi pale saa ambazo uwanja uko wazi kwa watu wote, na mfuko wake, akigawa glavu kwa watoto wa watu. Viatu vyake vya barafu vilikuwa chini karibu na miguu, vimepanguswa, kamba zikiwa wazi. Vidole vyake vimejikunja kama mizizi ya tangawizi.

Alimtazama Chebet kutoka juu hadi chini, macho yakatua kwenye miguu yake.

“Bado unashika pumzi ukitua?”

“Yes, Coach.”

“Nilikukataza.”

Kisha akanitazama mimi. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, na niliyoyaandaa yote yakanitoka. Nikasema tu. Nikamwambia siku ile tulipokuja kwake na juisi na nyimbo tulikuja kumuaga. Tulikuwa tunamhamisha mtoto, na katika watu kumi na mmoja hakupatikana hata mmoja wa kulitamka. Akasubiri Jumamosi bure kwa ajili ya uoga wangu. Nikamwambia nimekuja kusema leo, ingawa leo haimsaidii mtu.

“Ilifika,” alisema.

“Nini?”

“Ilifika siku ile ile. Unafikiri sikumjua kuku ni nani?” Alipanga glavu kwenye goti lake. “Na mama yake alinifunga kile kitenge kiunoni. Mtu humvalishi zawadi kama ile halafu ukamwambia tuonane Jumamosi. Ulitafsiri vizuri sana, Baba Chebet. Mimi maisha yangu yote nimepeleka barua, sijawahi kupokea iliyoletwa na watu kumi na mmoja.”

“Sasa kwa nini ulikuja kumsubiri? Kwa nini ulinipigia simu?”

“Kila mtoto nampa Jumamosi tatu. Saa yake naiacha kama ilivyo. Mtoto anaweza kubadili mawazo, na akirudi asikute mtu mwingine mahali pake.” Alisema hivyo kama anavyosema mtu utaratibu wa kazi. Kisha akatazama kioo, kule kwenye magari. “Ya pili mlikuja. Gari la rangi ya fedha, taa moja imepasuka. Nikaweka kahawa chini. Nilikuwa nimeshafunga kiatu cha kushoto mlipogeuza.”

Mimi ni mtu mzima. Nimeosha maiti za watu wasio ndugu zangu na sikulia. Pale nililia, mbele ya watoto waliokuwa wakisubiri glavu, na Mwalimu akaniwekea mkono wake uliojikunja begani.

“Pole,” alisema. Alilitamka vizuri kabisa, kama alivyolisikia kwa mke wangu.

Nilipojifuta macho nilimwona Chebet amepiga magoti sakafuni. Alikuwa amemvua Mwalimu kiatu kimoja cha kawaida na sasa anapanua mdomo wa kiatu cha barafu.

“Kila mtu afunge za kwake,” Mwalimu akamwambia.

“Leo hapana, Mwalimu,” akajibu binti yangu, ambaye tangu aanze shule sijawahi kumuuliza jambo kwa Kiswahili akanijibu kwa Kiswahili. Akaingiza mguu wa kushoto, akavuta kamba ya kwanza.

Mwalimu aliutazama utosi wake. Nilidhani atauvuta mguu. Akaunyoosha.

“Kaza zaidi hapo kwenye kifundo,” akasema. “Barafu ya leo ni nzuri.”